Darasa la Ng'ambo ya Korongo

Antonia Tluway hakujaliwa kipaji cha mtihani. Mpe karatasi na kalamu, mketishe mbele ya saa ya ukutani, na yote aliyoyajua jana yangemtoka akabaki anatazama kucha zake. Tangu darasa la kwanza pale Karatu hadi la nane, walimu walistaajabu kwamba binti aliyewaelewesha wenzake hesabu nyuma ya darasa ndiye aliyerudi nyumbani na alama za kujikongoja. Yeye hakustaajabu. Alijijua kuwa ni mtu wa kazi ya kila siku, wa kupanda na kupalilia, na kwamba siku ya kuitwa mbele ya watu apimwe ndiyo siku ambayo mikono yake ilitetemeka.

Ndiyo maana mwaka 1963, alipoingia chuo cha ualimu kilichokuwa mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka kwao, nusura apige kigelegele ukumbini. Mkuu wa chuo alisimama mbele ya wanachuo wote akatangaza utaratibu mpya wa alama. Zamani, alisema, cheti kilitolewa kwa mtihani wa mwisho peke yake, na aliyeamka na malaria siku hiyo alirudi kwao kulima. Sasa nchi imejitawala, na mtu asihukumiwe tena kwa siku moja. Nusu ya alama itatoka kwenye mtihani, na nusu kwenye kazi za mwaka: insha, maandalio ya masomo, zana ambazo mwanachuo amezitengeneza kwa mikono yake, na zaidi ya yote mazoezi ya kufundisha. Akaongeza masharti mawili, akiyasoma polepole ili yaandikwe. Atakayeshindwa mazoezi ya kufundisha hatapata cheti hata kama ameongoza mtihani. Na mazoezi hayo hayatahesabiwa mpaka mkufunzi ayaone kwa macho yake, mwalimu akiwa darasani na watoto, na madaftari yao yakiwa yamesahihishwa kwa mkono wake mwenyewe.

Wengine waliguna, hasa wale vijana hodari wa kukesha wiki moja kabla ya mtihani na kulala miezi mingine yote. Antonia aliyaandika yale masharti kwa mwandiko wake mzuri kuliko siku zote. Aliona kana kwamba kuna mtu aliyekaa akamfikiria yeye.

Basi akafanya kazi. Mkufunzi wake wa ualimu alikuwa Bwana Marijani, mtu wa Pangani, mpole wa sauti, ambaye baridi ya bara ilimfanya avae makoti mawili hata wakati wa jua. Mtu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa wino mwekundu. Alikuwa akiwaambia wanachuo kwamba mtoto mdogo hana ushahidi mwingine kuwa mwalimu amemwona, isipokuwa ile alama nyekundu kwenye daftari lake. Antonia aliyashika maneno hayo kama sala. Kazi zake za mwaka zikapata alama za juu, mtihani wa mwisho ukaja Agosti ya mwaka wa pili, na humo akajikongoja kama kawaida yake. Ukijumlisha, jambo lilikuwa wazi kwake na kwa kila mtu: mazoezi ya mwisho ya kufundisha ndiyo yangemvusha au kumzamisha.

Wala hakutaka cheti ili akitundike ukutani. Mwalimu Piusi, mkuu wa shule iliyopakana na shamba la baba yake, alikuwa amekwisha kumwombea nafasi, kwa kuwa darasa lake la kwanza halikuwa na mwalimu wa kudumu. Watoto wa upande ule waliingia shule wakijua Kiiraqw tu, na walimu waliotoka mbali waliwafokea kwa Kiswahili mpaka wengine wakakimbia kurudi kuchunga. Antonia mwenyewe alikuwa amekimbia zamani zake, akarudishwa na bibi yake kwa fimbo. Kwa hiyo alijua jinsi mtoto anavyovushwa kutoka lugha ya kwao kwenda nyingine, neno kwa neno, bila kutishwa. Alilitaka darasa lile. Hakuna kitu kingine alichokitaka hivyo, na alilisema waziwazi kwa kila aliyemuuliza kama haoni ni wakati wa kuolewa.

Septemba ya mwaka 1964 chuo kikampanga kufanya mazoezi palepale shuleni kwao. Alilala nyumbani kwa baba yake, akaamka na ukungu ungali umelala juu ya mashamba, akashuka korongo lililotenganisha shamba na shule, akapanda upande wa pili na kuingia darasani viatu vikiwa na udongo mwekundu. Watoto walimpenda bila kuchelewa. Alikuwako mmoja, Hyasinta, mtoto wa jirani, aliyekaa mbele kabisa na kurudia kila neno kwa sauti kubwa kuliko lilivyotakiwa, hata la kuambiwa anyamaze. Mama yake alikuwa amezika watoto watatu kabla yake na hakuzaa tena baada yake, na kila asubuhi alimsindikiza mpaka mlangoni mwa darasa kana kwamba anampeleka safari ya mbali.

Antonia alisahihisha madaftari jioni jikoni, mtoto wa kaka yake akiwa amelala mapajani. Kaka yake, Yohani, alikuwa na mke na mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye bado alikuwa akinyonya. Mtoto yule alikuwa na tabia ya kushika kalamu ya shangazi yake na kukataa kuiachia, na madaftari mawili matatu ya shule yalirudi na mikwaruzo myekundu ambayo hakuna aliyeielewa. Antonia aliwaambia watoto kwamba hiyo ni alama ya mkaguzi.

Kisha mtoto akashikwa na homa. Walimpeleka zahanati, wakapewa dawa, homa ikapoa, ikarudi. Akafa alfajiri, mikononi mwa mama yake, na kabla ya jua kupanda walikuwa wamekwisha kumzika nyuma ya nyumba.

Sasa, kwa Wairaqw kifo cha mtoto ambaye bado ananyonya si cha kulia na kuzika tu. Kinaacha kitu nyuma kisichoonekana, na kitu hicho huwang'ang'ania wote waliokula chungu kimoja na marehemu. Nyumba hiyo hujitenga. Watu wake hawapiti njia za wengine, hawachoti maji pamoja na wengine, ng'ombe wao hawachanganywi na wa jirani, na zaidi ya yote hawamgusi mtoto wa mtu wala kitu cha mtoto wa mtu, maana watoto ndio hudhurika kwanza. Hiyo ndiyo metimani, na huisha pale wazee wanaposema imeisha. Hakuna askari anayeilinda. Kila nyumba hujilinda kwa ajili ya jirani, na jirani naye siku yake ikifika hufanya vivyo hivyo. Msomaji wa leo atasema huo ni ushirikina. Na aseme, mdomo ni wake. Antonia alikuwa amebatizwa, alikuwa na elimu, na alikuwa Mwiraqw, na hakuna siku aliyowahi kuombwa achague moja kati ya hayo matatu mpaka siku ile.

Aliyemwambia aende shuleni alikuwa Yohani, yeye aliyefiwa. Alikaa mlangoni, macho yamevimba, akasema kwamba wao ni Wakristo, kwamba mtoto ameshakwenda na hakuna maana cheti nacho kiende. Bibi yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Aama, alikuwa akichochea moto. Antonia alimgeukia akimtaka aseme, kwa sababu ukishaamriwa huwa huna tena mzigo wa kuamua.

"Mimi sikukatazi," Aama alisema. "Nenda kamuulize mama yake Hyasinta amezika wangapi, halafu uamue mwenyewe."

Hakwenda kuuliza, maana alijua. Alikaa siku ile na ya pili yake bila kutoka, akimlilia mtoto na kulilia darasa, na akiona aibu kwamba hakuweza kutenganisha kilio kimoja na kingine. Mchozi uliokuwa wa mtoto uligeuka njiani ukawa wa cheti, akajichukia. Nadhani hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna kanuni ya chuo chochote iliyowahi kuifikiria.

Halafu akapata wazo, na ni wazo ambalo lingemjia mtu wa pale tu. Mpaka wa shamba lao ulikuwa ukingo wa korongo. Upande wa pili palikuwa na mteremko wa nyasi, mali ya shule. Sauti inavuka korongo, na sauti haigusi mtu. Akamwita Mwalimu Piusi kwa mbali, akamweleza. Mwalimu Piusi naye alikuwa Mwiraqw. Alikuna kichwa, akatazama mawingu, akasema kanuni za shule hazisemi kuwa darasa lazima liwe na paa.

Kuanzia kesho yake darasa la kwanza lilikaa kwenye mteremko, Antonia akasimama ng'ambo, mgongo ukiwa kwenye mahindi makavu ya baba yake. Alifundisha kwa kupaza sauti na kwa mikono. Alipotaka neno "kikombe" aliinua kikombe. Alipotaka "kuku" alikuwa na kuku. Waliokaa chini walirudia kwa waliokaa juu, na Hyasinta, ambaye kelele zake hatimaye zilipata kazi, akawa ndiye wa kwanza kupokea na kupeleka. Na madaftari? Kila mtoto alisoma kwa sauti alichoandika, Antonia akasikiliza, akasema "vema" au "rudia", na aliyekaa kando yake akamwekea alama kwa penseli. Jioni alikuwa hana sauti hata ya kuomba chumvi. Mama zao walikuja siku za mwanzo wakasimama juu ya mteremko, mikono kifuani, wakipima kwa macho umbali kati ya mwalimu na watoto. Waliporidhika wakaenda zao kulima.

Bwana Marijani alifika mwishoni mwa Oktoba. Alilala mjini kwa Omary mwenye duka, akapanda asubuhi na makoti yake mawili, na akaingia darasa la kwanza akakuta madawati matupu na ubao usio na hata tarehe. Mwalimu Piusi akamwongoza mpaka mteremkoni akimweleza njia nzima. Yeye alisikia neno "msiba" tu, akaharakisha hatua, akateremka korongoni mkono umekwisha kunyoshwa ili ampe pole mwanafunzi wake.

Antonia akarudi nyuma. Nyumbani kwa Bwana Marijani kulikuwa na mtoto mchanga. Chuo kizima kilijua, maana mkewe, Bi Zuena, alikuwa amekaa miaka mingi bila mtoto, na wanachuo wote walikula pilau ya akika. Mkufunzi alipozidi kupanda, Antonia alizidi kurudi, mpaka mgongo ukaingia kwenye mahindi, akapaza sauti iliyokwisha kukauka kwamba asimkaribie, tafadhali, asimkaribie. Uso wa mzee wa watu uliingia giza. Aliuteremsha mkono, akarudi upande wa watoto, akaketi kwenye nyasi na kumwambia aendelee na somo.

Alifundisha. Wale waliokuwapo walisema baadaye kwamba hakuwahi kufundisha vizuri kama siku ile, na mikono haikutetemeka hata kidogo. Bwana Marijani alianza na uso wa kununa, lakini somo lilipokwisha alikuwa ameinama mbele, na watoto waliporudia maneno, midomo yake ilirudia pamoja nao. Kisha akaomba madaftari. Aliyafungua moja moja. Penseli, penseli, penseli tupu.

Hapo ndipo Mwalimu Piusi alipokaa karibu naye akamweleza yote tena, polepole, tangu mwanzo. Bwana Marijani alisimama, akaenda mpaka ukingoni, akaishia hapo.

"Binti yangu," alisema, "kwetu mjane akiwa edani hatoki. Hata kama nyumba ya jirani inaungua, hutuma mtu. Nimekuelewa, na niwie radhi kwa kununa."

"Nishakuwia radhi, Mwalimu."

"Lakini karatasi yangu haina pa kuandika ulichokifanya leo. Ina ubao, ina madaftari, ina mwalimu ndani ya darasa. Vuka. Ingia darasani nusu saa tu, sahihisha daftari hata kumi nikuone. Nitajaza, tutamaliza, utarudi kwenu."

Antonia alitazama wale watoto. Walikuwa wamenyamaza, hata Hyasinta, maana watoto hujua wakubwa wanapozungumza jambo lao. Pua zilikuwa zikiwatoka kwa baridi. Angevuka kwa hatua chache. Aliniambia mtu aliyekuwa jirani yake uzeeni kwamba miguu yake ilikwenda kweli, ikafika ukingoni, na kwamba alihisi harufu ya wino kabla hajaugusa.

"Ungenipanga shule ya mbali, Mwalimu, kwa watoto nisiowajua, pengine ningevuka," alisema. "Hawa ninawajua mama zao."

Bwana Marijani hakumlazimisha. Alikaa akajaza karatasi yake kwa uaminifu, na uaminifu wake ndio uliokata. Sauti na utulivu wa darasa, alama zote. Maandalio, alama zote. Matumizi ya ubao, sifuri. Usahihishaji wa madaftari, sifuri. Kisha akapaza sauti akamwambia kwamba kanuni inaruhusu mazoezi kurudiwa mara moja, mradi iwe kabla ya bodi ya alama kukaa mwishoni mwa Novemba. Wazee wakimfungulia kabla ya hapo, amtumie habari kwa Omary, naye atapanda basi siku hiyohiyo.

Aama, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, alituma ujumbe kwa wazee mara mbili. Walikaa, wakafikiri, wakajibu kwa upole kwamba mvua ya kuiosha nyumba haijapita, na kwamba metimani ikifupishwa kwa ajili ya mmoja, kila mmoja atakuja na sababu yake, na mwisho wake watoto ndio watakaolipa. Na kule chuoni Bwana Marijani naye alisimama mbele ya bodi akazungumza mpaka akakohoa. Mkuu wa chuo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimsikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole vilevile kwamba kanuni ikipindishwa kwa ajili ya mila ya Wambulu, jina alilowaitia Wairaqw, mwakani Wamasai watakuja na yao na Wachaga na yao, na taifa changa halijengwi hivyo. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hawakusema lolote juu ya mtu aliyekaa katikati ya misumeno miwili, kila mmoja ukiwa umenolewa na watu wema.

Siku ya mwisho ya Novemba mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha milimani, na korongo likajaa maji mekundu yaendayo kwa kishindo. Darasa lilikuwa mteremkoni kama kawaida. Bwana Marijani alionekana juu ya mteremko akishuka bila mwavuli. Angeweza kutuma karatasi ya chuo ikawekwa juu ya jiwe. Baadaye alimwambia Mwalimu Piusi kwamba moyo wake ulikataa kumwachia mtu habari kama ile jiweni, kama anayemwekea mbwa chakula. Akaja mwenyewe, heshima aliyoidhani ni kubwa, na hakufikiria maji.

Alisimama ukingoni akasema. Antonia akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, na kishindo cha maji kikala maneno yote. Mara ya tatu alipiga ukelele kabisa, mtu yule aliyeishi maisha yake yote bila kumpigia mtu kelele, na bado hakusikika. Ndipo Hyasinta, aliyekuwa amekaa miguuni pake, akafanya kile alichofundishwa kufanya kila siku tangu darasa lihamie nje. Alisimama, akaweka viganja mdomoni, akapeleka neno ng'ambo kwa ile sauti yake kali ya kupasua mawe.

"Mwalimu! Anasema umeanguka!"

Na darasa zima, kwa kuwa ndivyo walivyozoea, wakarudia pamoja.

Bwana Marijani aliziba uso kwa mikono yote miwili. Antonia alisimama vilevile alivyokuwa. Hakulia mbele yao. Aliinua kikombe juu ya kichwa chake, akawauliza watoto kwa ishara ni nini, nao wakajibu. Walimaliza somo. Aliporudi ndani ya mahindi, mahali ambapo hakuonekana, alikaa chini kwenye tope, na Aama alipomkuta hakumwinua. Alikaa naye kwenye tope lilelile. Moyo wa Antonia ulivunjika hapo, na sitatafuta neno zuri zaidi ya hilo.

Wazee waliifungua nyumba ile mwaka uliofuata, mahindi yalipokuwa yamefika magotini. Wakanyolewa, wakaoga, vyungu vya zamani vikavunjwa, moto mpya ukawashwa, majirani wakaja kunywa pombe na kushikana mikono. Mama yake Hyasinta alikuja na chungu chake, akaketi karibu na Antonia, akazungumza habari za maharage. Hakusema asante. Wala wengine hawakusema. Mtu hashukuriwi kwa kutomletea jirani msiba, na Antonia hakutegemea kushukuriwa, ingawa usiku alijikuta akifikiri kwamba neno moja lisingemgharimu mtu kitu.

Asubuhi yake alivaa gauni lake la chuoni. Hakuwa na la kufanya shuleni. Chuo kilikuwa kimefuta jina lake, kanuni haikuwa na mara ya pili baada ya bodi, na nafasi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine, ambaye Januari alipanda na watoto wale darasa la pili. Alitaka tu kuvuka korongo kwa miguu yake, kwa kuwa sasa aliweza, na kuwaona watoto kwa karibu. Maji yalikuwa yamekwisha. Alishuka, akapanda, akapita uani, akasimama kwenye mlango wa darasa lao.

Mwalimu mpya alikuwa kijana mwembamba, mgeni wa mkoa wa mbali, shati limepigwa pasi. Ubao ulikuwa na tarehe. Mezani palikuwa na madaftari yamepangwa vizuri, na lile la juu lilikuwa wazi, na alama nyekundu mpya haijakauka. Kijana aligeuka akamwona mwanamke mlangoni, akamtabasamia kwa adabu.

"Karibu, mama," alisema. "Umekuja kuandikisha mtoto?"

Kabla hajajibu, watoto walikuwa wamekwisha kusimama wote kwa pamoja, madawati yakagongana, na Hyasinta mbele yao.

"Shikamoo, mwalimu!"

Kijana akacheka kidogo, kwa wema, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto aliyekosea mstari. Alikuwa mwalimu mzuri, na mwalimu mzuri haachi kosa lipite.

"Huyu siyo mwalimu," aliwaambia. "Semeni shikamoo, mama."

Watoto walimtazama yeye, wakamtazama Antonia, wakangoja. Antonia aliwatikisia kichwa kuwakubalia, jinsi alivyokuwa akiwatikisia kutoka ng'ambo neno likiwa gumu na wao wakiogopa kulijaribu. Basi wakarudia, kwa sauti moja, kwa Kiswahili safi kisicho na kosa hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Antonia.